Feni ya umeme kwenye GX100: ya boksi, ya mtumba wa Japani, au ubaki na feni klachi yako?

Wakuu habari, hii ni ya wale wenye magari ya kitambo ambayo injini imelala kwa urefu, Mark II GX90 na GX100, Chaser, Cresta, hata Hilux za zamani, yale ambayo feni ya rejeta inazungushwa na mkanda na siyo umeme, ndiyo hiyo feni klachi, maana katikati yake ina klachi ya mafuta ya silikoni inayokaza ikipata moto na kuteleza ikipoa. Watu wengi sasa hivi wanatoa ile feni ya mkanda wanafunga ya umeme, kuna ambao gari inatulia kabisa na kuna ambao inachemsha kuliko mwanzo, alafu hao wa pili ndio wanapiga kelele kwamba feni za umeme ni utapeli. Sio utapeli, ila ukiingia dukani unaangalia namba iliyoandikwa kwenye boksi umeshaliwa. Mi nina GX100 yenye injini ya 1G-FE, ile ya silinda sita, nina feni ya umeme muda sasa, foleni za Dar na safari za Iringa, na jirani yangu ana gari hiyo hiyo injini hiyo hiyo ila yeye kafunga feni ya aina nyingine, kwahiyo nina vitu viwili vya kulinganisha mbele ya macho yangu, sio hadithi za gereji.

Kabla ya hela kutoka mfukoni ila, angalia gari yako inachemsha wakati gani. Kama inapanda joto kwenye foleni au ukiwa umepaki AC inawaka, ukishaanza kutembea mshale unarudi chini, hapo shida ni upepo, na feni ndiyo kazi yake. Lakini kama inachemsha ukiwa unatembea 90 au 100 barabara nyeupe, ndugu yangu hata ufunge feni ya ndege haitasaidia, maana kwenye mwendo huo upepo unaoingia mbele ya gari wenyewe ni mwingi kuliko wa feni yoyote, hapo katafute rejeta iliyoziba, pampu ya maji, kifuniko cha rejeta au gasketi ya silinda hedi. Kifuniko watu wanakidharau sana, na kile kidude ndicho kinachoshikilia presha, kile cha bar 0.9 kikiwa kizima maji yanavumilia mpaka karibu nyuzi 118 bila kuchemka, kikichoka yanachemka kwenye 100, na ukiwa Iringa au Mbeya huko juu hata 100 hayafiki.

Ile feni klachi nayo usiihukumu bila kuipima. Zima gari ikiwa ya moto, izungushe feni kwa mkono, kama inakaza kaza hivi basi ni nzima, kama inazunguka kama pangaboi bila kusimama basi mafuta ya silikoni ya ndani yameisha. Mafundi wetu wengi hapo wanaichomelea au wanapiga bolti katikati izunguke moja kwa moja na injini, na kweli gari inapoa, ila ukikanyaga mafuta inalia kama inataka kuruka, na inakula nguvu muda wote hata asubuhi gari ya baridi. Wenyewe Toyota wanauza mafuta yake kwenye tyubu ndogo za mililita 18, unafungua unajaza inarudi kazini. Kama ukiipata klachi orijino nzima kwa bei nzuri, na gari yako haina shida nyingine, sikushauri hata uendelee kusoma hapa, rudisha hiyo hiyo. Yangu ilikuwa imevuja na pia beringi imeshaanza kucheza, na klachi za kwenye boksi jipya nilizoshikishwa Gerezani zilikuwa nyepesi kiasi kwamba sikuziamini, ndo nikahamia upande wa umeme.

Haya sasa feni zenyewe.

Ya kwanza ni zile nyembamba nyeusi, mpya kwenye boksi, zimejaa kila duka, inchi 12, 14, 16, zimeandikwa maneno makubwa ya kimichezo. Hii ndiyo aliyofunga jirani, ya inchi 16. Boksi linasema CFM 2500, yaani futi za ujazo za hewa kwa dakika moja, namba inayovutia kweli. Ukigeuza mota nyuma kuna kistika, 12V 80W. Simama hapo hapo kwenye kistika. Wati 80 gawanya kwa volti 12 unapata ampea kama 6 na nusu hivi. Tukaweka klampu mita kwenye waya, kile kifaa cha kubana waya kupima ampea, ikasoma ampea 7 na kitu injini ikiwa inawaka, kwahiyo kistika cha mota kinasema ukweli na boksi ndilo linalosema uongo. Kwasababu feni ya SPAL ya Italia ya inchi 16 hizo hizo, wale kampuni imekaa kwenye hii kazi miaka mingi, inatoa karibu CFM 2000 na inakula ampea zinazokaribia 20. Sasa we niambie, feni inayokula theluthi moja ya umeme inatoa hewa nyingi zaidi kwa muujiza gani? Hewa haisukumwi na stika. Ndo maana mi nasema dukani usiulize CFM, uliza ampea, na muuzaji akisema hajui mwambie aiguse kwenye betri mbele yako mpime.

Kingine kibaya cha hizi feni ni namna ya kuzifunga. Zinakuja na vile vipini vya plastiki virefu vinavyopitishwa katikati ya mapezi ya rejeta vinakazwa upande wa pili. Fundi anamaliza kazi dakika kumi na tano, anaonekana mkali. Gari ikishaanza kutetemeka kwenye barabara ya vumbi kile kipini kinasugua mirija, taratibu, mpaka siku unaona unyevu wa kijani katikati ya rejeta. Rejeta ya jirani imeshaanza kuonyesha dalili na alikuwa ameinunua nzima kabisa. Alafu hazina kava. Feni inakaa uchi kwenye rejeta, inavuta hewa ya pale ilipo tu. Piga hesabu ya darasa la saba, duara la inchi 16 eneo lake ni kama inchi za mraba 200, rejeta tuseme ina upana 26 na kimo 16, hiyo ni 416, maana yake nusu nzima ya rejeta umeilipia na haifanyi kazi gari ikiwa imesimama. Lile kava pana la plastiki linalozunguka feni orijino halikuwekwa kuzuia vidole, ndilo linalolazimisha hewa ipite rejeta nzima kabla ya kufika kwenye feni.

Kwa haki yake, hii feni ya boksi ina matumizi. Kama unataka tu kusaidia kondensa ya AC, unaiweka mbele inasukuma badala ya kuvuta, feni yako ya mkanda ikibaki kama ilivyo, inafaa na AC inakuwa ya baridi zaidi kwenye foleni. Ikiwa peke yake kwenye silinda sita, hapana. Jirani sasa hivi akifika Kimara jioni anazima AC, na hicho sio kitu cha kujivunia baada ya kutoa hela.

Ya pili ndiyo niliyofunga mimi, feni ya mtumba kutoka kwenye gari ya Japani ya kuvuta mbele. Mantiki ni rahisi tu, magari kama Ipsum, RAV4, Premio injini imelala kwa upana, mkanda hauwezi kufika kwenye rejeta, kwahiyo Toyota wenyewe ilibidi waweke feni za umeme zenye uwezo wa kupoza injini ya lita mbili au mbili na kitu kwenye joto lolote na AC ikiwaka. Kazi ya kupima walishafanya wao. Unaenda Ilala kule kwenye spea za mtumba unatafuta seti yenye feni mbili na kava lake zima, tena uende na vipimo vya rejeta yako umeandika kwenye karatasi, urefu, kimo, na nafasi iliyopo kati ya rejeta na pampu ya maji. Kwenye GX100 ukishatoa feni na klachi yake nafasi ni kubwa, mota hazigusi kitu.

Ya kwangu ilitoka kwenye Ipsum, kava lilizidi rejeta kidogo upande mmoja, likakatwa, pembeni tukaweka raba za milango kuziba mianya, na mabano manne ya bati yaliyofungwa kwenye fremu ya gari, hakuna kitu hata kimoja kinachogusa mapezi ya rejeta. Ilichukua siku nzima na fundi alilalamika njia nzima, kwanini usinunue ya boksi tumalize. Bei ya feni yenyewe nilipewa kubwa kuliko ya boksi ila sio mara mbili, na ukijumlisha relei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa), waya na hela ya fundi umeme unafika mahali ambapo mtu anaanza kuguna, nasema mapema.

Ukinunua mtumba kuna vitu vya kuangalia. Shika pangaboi lisukume juu chini, likicheza beringi imekufa. Iguse kwenye betri isikilize, inatakiwa iwe na sauti ya upepo, sio ya chuma kusuguana. Waya za karibu na mota zisiwe zimebabuka. Na angalia soketi ina waya ngapi, hii ni muhimu kweli: zile za Toyota za miaka hiyo zina waya mbili, chanya na hasi, basi. Ukipewa feni kubwa nzuri ya gari mpya au ya Kijerumani yenye waya mbili nene na kingine chembamba, hiyo inasubiri amri kutoka kwenye kompyuta ya gari, ukiigusa kwenye betri inaweza isizunguke kabisa au ikazunguka namna yake, muuzaji atakuapia nzima na kweli ni nzima, ila haikufai.

Ya tatu ni hizo SPAL na wenzake wenye jina. Nimeshaiona moja kwenye gari ya mtu wa mashindano, aliagiza nje, na sina cha kuikosoa, imeandikwa namba za kweli na inafanya inachosema. Ila ukishalipa usafiri na ushuru, na bado inabidi ukatengenezewe kava la bati, kwa gari ya kwenda kazini mi naona Ipsum inatosha. Na angalia usiuziwe feki yenye stika ya SPAL, ukitilia shaka rudi kwenye klampu mita, haidanganywi.

Sasa umeme, hapa ndipo feni nzuri zinapoharibiwa sifa. Feni mbili zikiwaka kwa pamoja zinakula ampea nyingi, na ule mshtuko wa kuanza ni mara mbili au tatu zaidi kwa sekunde moja hivi. Fundi akichukua umeme kwenye waya wa taa au wa redio eti “hapa panatosha mkuu”, mkimbize. Umeme utoke betri moja kwa moja, fyuzi iwe karibu na betri kabisa na sio kule kwenye feni, relei ya ampea 40 kwa kila feni, waya wa milimita 6 za mraba, na waya wa hasi uwe mnene vilevile mpaka kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Wengi wananenepesha chanya, hasi wanafunga na kamba ya simu, feni inazunguka kivivu alafu wanalaumu mtumba. Swichi ya ndani ya gari haitakiwi kubeba umeme wa feni hata siku moja, inabeba amri ya relei tu.

Alteneta nayo iangalie stika yake. Usiku wa mvua, taa kubwa, waipa, AC, redio na feni mbili, hiyo ni mzigo, na alteneta ya gari kongwe sana, zile Land Rover za kitambo zenye Lucas ya ampea thelathini na kitu au arobaini, hazitoboi, taa zitafifia na betri itashuka taratibu mpaka siku inagoma. GX100 yangu haijawahi kulalamika ila niliweka betri ipo vizuri kwanza. Na ukisikia mtu anakwambia feni ya umeme inaongeza nguvu na kupunguza mafuta sana, punguza masikio, maana huo umeme unatoka alteneta na alteneta inazungushwa na injini hiyo hiyo. Feni klachi nzima nayo ikiwa ya baridi inateleza tu haili nguvu nyingi. Mi sijaona tofauti ya mafuta ya kusimulia, kilichobadilika ni ukimya, gari ikianza asubuhi haina ule mngurumo.

Sensa ya kuwasha feni iweke kwa akili. Themostati, ile vali inayoyafungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, nyingi za Toyota za zamani zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82, kwahiyo ukiiambia feni iwake kwenye 80 itazunguka toka asubuhi mpaka jioni bila sababu, mota zitakufa mapema. Ya kwangu inawaka kwenye 93 hivi inazima 87, sensa imefungwa kwenye bomba la juu la maji kwa kiunganishi cha chuma. Ukiifunga kwenye bomba la chini ambako maji yameshapoa inabidi ushushe namba. Zile seti zenye kibulbu cha shaba kinachochomekwa kati ya mpira wa maji na mdomo wa rejeta siziamini hata kidogo, pale lazima pavuje tu. Na kama mtu alishakutolea themostati kwa ile imani ya kwamba nchi za joto haihitajiki, irudishe kabla hujafanya lolote, injini inayokaa ya baridi muda wote kompyuta inaimiminia mafuta, alafu utakuja kulaumu feni. Amri ya pili ya relei itoke kwenye AC, ukiwasha kompresa feni iwake hapo hapo isisubiri joto la maji, otherwise gesi inapanda presha bure na AC inakata kata kwenye foleni.

Fundi akimaliza usiondoke, chukua karatasi weka mbele ya grili feni ikiwaka, inatakiwa ivutwe ing'ang'anie. Ikisukumwa kuja kwako basi waya zimegeuzwa, feni inapigana na upepo wa gari. Na waambie wahakikishe nati za puli ya pampu ya maji zimekazwa vizuri, maana feni ikitoka zile stadi zinabaki ndefu na nati zinaishia njiani bila kubana puli, inabidi kuweka washa nene.

Matokeo? Foleni ya Ubungo mpaka Kimara saa kumi na mbili jioni AC namba tatu, mshale unakaa chini kidogo ya katikati, feni zinawaka zinazima, nasikia kabisa zikipokezana. Kitonga ndiyo nilikuwa naingojea, ule mlima wa kwenda Iringa ukikwama nyuma ya lori la mzigo unapanda kwa gia ya kwanza na ya pili muda mrefu, injini inafanya kazi kubwa na upepo wa mbele hakuna, hakuna mtihani mzuri wa feni kuliko ule. Watu wanne na mizigo, AC nikaiacha, mshale ukapanda kidogo kupita kawaida, feni zote mbili zikawa zinawaka bila kuzima mpaka juu, ukarudi. Sijaona mvuke, sijasimama kumwaga maji. Hapo pekee nilikiri kwamba feni klachi mpya orijino pengine ingefanya vizuri zaidi, maana kwenye gia ndogo injini inazunguka haraka na feni ya mkanda inazunguka nayo, tofauti na foleni ambako injini iko sailensa, yaani inazunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta, na feni ya mkanda inasinzia.

Kwa hiyo mwenye Land Cruiser ya injini ya dizeli ya 1HZ inayobeba mzigo kwenye milima na mchanga siku nzima, usiguse feni klachi yako, ile kazi haikutungwa kwa mota za Ipsum. Na kama Cruiser yako ni ya 24V, feni ya 12V itaungua hujafika getini, msisahau hilo maana kuna watu wanauziwa. Faida moja mtakayotuonea wivu ni kwenye maji, feni ya mkanda ikigonga maji ya kina inaweza kupinda kuelekea rejeta, sisi wa umeme tunaweka swichi ya kuzima tunapita tunawasha upande wa pili. Yangu iko chini ya usukani, mvua za Jangwani zimeshanifanya niitumie, ila sio kwamba uogelee, mota ikizama maji ya tope nayo inakufa.

Wazee wa Peugeot 404 na 504 wakisoma hapa watacheka, maana wao hii kitu walikuwa nayo zamani, feni ya mkanda yenye sumaku ya umeme inayojishika maji yakipata moto na kujiachia yakipoa, inaendeshwa na swichi ndogo kwenye rejeta na kaboni moja. Ikiisha hiyo kaboni feni inaacha kushika na gari inachemsha, fundi asiyejua anafungua hedi.

Kuhusu lile duka la Ilala nililonunulia, walikuwa wastaarabu, walinipimia kwenye betri bila kununa, ila garantii yao ni ya palepale dukani, ukishavuka mtaro ni yako. Kwahiyo nenda na fundi umeme wako, mlipe nusu siku yake, na mwende asubuhi kabla jua halijawa kali maana kutafuta kava lisilopasuka kwenye ile milima ya plastiki kunachukua muda.